Nyanya Zilizofungwa Kamba

Hodi ya Jumapili kabla ya saa moja asubuhi haina heri. Nilifungua mlango nikiwa na msuli kiunoni, nikamkuta mama wa ghorofa ya kwanza amesimama na shuka jeupe, amelikunjua kwa mikono miwili kama mwalimu anayeonyesha ramani. Katikati kulikuwa na doa la rangi ya chai, kubwa kama sahani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, huko juu mnafuga nini?"

Hatukuwa tunafuga. Jioni ya jana yake nilikuwa nimemwagilia nyanya zangu nne kwenye ndoo zake nne, nikaongezea na supu ya samadi, nikaingia ndani roho nyeupe. Maji yakapita kwenye ndoo, yakatokea kwenye matundu ya chini, yakatafuta upenyo wa balkoni, yakamshukia mama wa watu aliyekuwa ameanika shuka la wageni. Niliomba radhi, nikalichukua shuka, nikalifua mwenyewe mara mbili. Doa halikutoka lote.

Nimeanza na shuka kwa sababu picha za bustani za balkoni unazoziona kwenye simu hazina jirani wa chini. Ni ndoo za rangi nzuri, majani ya kijani, na mtu anacheka. Hakuna anayekuonyesha maji yanakokwenda.

Tunapanga Sinza, Dar es Salaam, ghorofa ya pili, na balkoni yetu ina urefu wa hatua nne na upana wa mita moja na robo. Hapo pana kamba ya nguo, baiskeli ya mtoto, mtungi wa gesi wa akiba, na mimi na kilimo changu. Mwaka 1992 zilitoka Kanuni za Kilimo cha Mijini zilizosema mtu wa mjini asilime zaidi ya ekari tatu. Nilipozisoma nilicheka peke yangu. Serikali iwe na amani.

Nilianza kwa hasira ya bei ya nyanya, na kwa kiburi. Mimi ni mtoto wa Lushoto. Mama yangu amelima kabichi na karoti kwenye matuta ya mlimani tangu sijazaliwa, na mimi nimebeba samadi kichwani kabla sijajua kusoma. Nikajiambia ndoo ni shamba dogo tu, na mtu aliyelima shamba kubwa hawezi kushindwa na dogo. Mwaka mzima nilikuwa nalipia wazo hilo.

Udongo wa kwanza niliuchimba kwenye kiwanja kinachojengwa nyuma yetu, bure. Ulikuwa mzuri kwa macho, mzito, unashikana. Baada ya wiki tatu za kumwagilia ukawa tofali. Maji yanasimama juu kama kidimbwi, kisha yanateleza ubavuni mwa ndoo na kutoka chini bila kugusa mzizi. Shambani udongo kama ule una minyoo, una mizizi ya zamani iliyooza ikaacha njia, una mita nzima ya kina chini yake. Kwenye ndoo una plastiki.

Nikaambiwa niweke kokoto chini ili maji yapite. Nikaweka, vidole vinne. Ndoo zikawa nzito, mimea ikaendelea kuwa ya njano. Jibu nililipata jikoni, na wewe unaweza kulijaribu leo. Chukua sponji ya kuoshea vyombo, iloweshe mpaka ichuruzike, kisha ishike imelala bapa juu ya sinki. Itadondosha, itadondosha, itaacha. Sasa, bila kuiminya, isimamishe kwa upande wake mrefu. Itaanza kudondosha tena. Maji ni yaleyale na sponji ni ileile, ila sehemu ya chini ya kitu chochote kilicholowa hushika maji yake na kugoma kuyaachia, na chombo kifupi chote ni "sehemu ya chini". Kokoto hazikuyavuta maji yale. Zilichofanya ni kuinua kitako cha ndoo, basi tope likapanda likakaribia mizizi. Tangu siku ile sipandi nyanya kwenye beseni, hata liwe pana vipi. Napanda kwenye kitu kirefu: ndoo ya lita 20, au dumu lililokatwa shingo.

Kokoto zikatoka. Udongo wa kiwanjani nikaurudisha kiwanjani, mafundi wananishangaa. Mchanganyiko ninaoutumia sasa ni ndoo mbili za udongo mweusi wa wauza maua wa barabarani, ndoo moja ya samadi iliyoiva, na ndoo moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi nayapata kwa wafua nazi sokoni, wanayarundika pembeni na wanashukuru ukiyachukua. Nayaloweka siku tatu nikibadilisha maji, kwa sababu yana chumvi yake, kisha nayaanika na kuyachambua kwa mkono mpaka yawe nyuzi na vumbi. Kazi yake ni ya kuchosha, vidole vinauma. Lakini udongo wenye makumbi ukiuminya unaachia, na unashika unyevu mchana kutwa.

Kuhusu samadi, neno "iliyoiva" si pambo. Mara moja nilitumia mbolea ya kuku mbichi kutoka bandani kwa rafiki yangu, na miche sita ya pilipili ikaungua kana kwamba nimeimwagia maji ya moto. Ingiza mkono kwenye rundo. Ukisikia joto, au pua ikikuwasha, iache. Iliyoiva ni baridi na inanukia kama ardhi baada ya mvua.

Jua ndilo lililonichelewesha kuliko yote. Nilipanda mwezi wa nne, kwa sababu nyumbani masika ndiyo kupanda. Miche ikarefuka, ikarefuka, shingo kama twiga, inainama nje kama watoto wanaochungulia harusi ya jirani. Maua hakuna. Nikaongeza mbolea, ikarefuka zaidi. Mwishowe nikachukua chaki ya mwanangu, kila Jumamosi saa sita mchana nikawa nachora mstari sakafuni pale jua linapoishia. Wiki za mwanzo sikuchora chochote, maana jua lilikuwa halifiki kabisa.

Balkoni yetu inatazama kusini. Dar es Salaam ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, kwa hiyo kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 10 Oktoba jua la mchana linapita upande wetu wa kaskazini, nyuma ya nyumba. Linahamia kusini kwa miezi isiyotimia mitano tu. Hata Desemba, linapokuwa limeenda kusini mwisho wake, bado linapita juu sana, na dari ya balkoni ya ghorofa ya tatu inalikata. Mstari wa chaki ulioingia ndani kuliko yote ulikuwa sentimita 80 hivi kutoka ukingoni. Anayetazama kaskazini mambo yake ni kinyume, anapata jua Juni na Julai wakati mimi nipo kivulini. Nyanya inataka jua la wazi saa sita na zaidi kwa siku. Nilikuwa naipa sifuri na kuilaumu mbegu.

Hapo akaingia baba mwenye nyumba. Alikuwa amesikia habari za shuka, naye wasiwasi wake ulikuwa mwingine: uzito. Hakukosea. Niliipeleka ndoo moja yenye udongo uliolowa kwa wauza vyuma chakavu pale kona, ikawekwa kwenye mzani, ikasoma kilo 27. Akasema vitu vizito vikae ukutani, si ukingoni. Mimi jua langu lipo ukingoni. Tulizungumza muda mrefu, chai mbili, tukafikia mapatano: ndoo kubwa zikae ukutani, na ukingoni yakae madumu ya lita kumi tu, yasizidi manne, yafungwe kwa waya kwenye vyuma. Kwa hiyo wanaonipangia kilimo changu ni jua na baba mwenye nyumba. Majani, ambayo yanavumilia kivuli, yapo ukutani: mchicha, matembele, mnanaa, giligilani. Pilipili na nyanya mbili ndogo zipo ukingoni, na kuanzia Machi nyanya hazipo kabisa.

Mama alikuja Agosti, akapitiliza moja kwa moja hadi balkoni hata kabla ya kunywa maji. Akatazama ndoo moja moja, mikono nyuma, kama mkaguzi. Nikasubiri anicheke. Hakucheka. Akachomeka kidole kwenye udongo mpaka fundo la pili.

"Umeimwagilia lini?"

"Juzi, mama. Nyumbani si tunamwagilia mara moja kwa wiki?"

"Nyumbani mmea unajitafutia. Huu umeufunga kamba. Ukimfunga mbuzi, mwanangu, majani unamletea wewe."

Alichokisema ni hicho tu, akaenda kuoga. Wote tunajua kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, tunausema huo usemi tukizungumzia mambo mengine kabisa, mara nyingi rushwa. Sikuwahi kumfikiria mbuzi mwenyewe, aliyemaliza majani ya mduara wake na sasa amesimama anasubiri. Mzizi wa nyanya shambani ukikosa maji unashuka. Ukikosa chakula unakwenda pembeni. Kwenye ndoo ukienda pembeni unakutana na plastiki, unazunguka, unajifunga kama uzi kwenye kibiringo. Nyanya moja iliyokufa niliipindua nikaona: mizizi yote imejiviringisha ukutani mwa ndoo, imechukua umbo la ndoo.

Ndiyo maana ya zile nyanya zenye kitako cheusi nilizozivuna mara ya kwanza. Nilidhani ni ugonjwa, nikanunua dawa. Haukuwa ugonjwa. Tunda hupata chokaa yake ikisafiri ndani ya maji, na mimi nilikuwa nailaza na kiu siku mbili kisha naifurikisha. Maji yakisuasua, chokaa haifiki mwisho wa tunda, na mwisho huo unaoza. Sasa nachomeka kidole kila asubuhi. Januari, nyanya moja iliyobeba inakunywa lita mbili kwa siku, moja kabla sijaenda kazini na moja jioni. Wiki moja ya safari bila mtu wa kumwagilia ni msiba.

Na maji yenyewe yana kisa. Mabomba yakikauka tunanunua maji ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Kunywa hatuyanywi, kufulia tunafulia, nikadhani mimea nayo haitajali. Baada ya mwezi udongo ukaota ukungu mweupe juu, na majani yakaanza kukauka kingo, kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Shambani mvua ingeiosha chumvi hiyo ikaenda zake chini. Kwenye ndoo inabaki, kila dumu linaongeza yake. Tangu hapo nakinga mvua, nahifadhi maji ya kuoshea mchele na mboga, na ya kisima natumia nikiwa sina budi. Mvua ya kwanza ya vuli ikinyesha nazisogeza ndoo zote zinyeshewe mpaka zitokwe na maji chini, mabeseni yakiwa yametega. Namtumia kwanza mama wa chini ujumbe: anua nguo.

Matundu nayo nimeyahamisha. Badala ya kitako, natoboa ubavuni, vidole viwili kutoka chini, kwa msumari niliouchoma kwenye jiko la mkaa. Chini ya tundu panabaki akiba kidogo ya maji, na kinachozidi kinatokea upande ninaoutaka mimi. Kila ndoo ina sahani. Sahani hizo namwaga jioni, kila jioni, na hapo sina mzaha. Dar ilipata homa ya dengue mwaka 2014 na ikarudi 2019, na mbu wake, yule anayeuma mchana, hahitaji bwawa. Kifuniko cha chupa kinamtosha, na wiki moja na ushee inamtosha kutoka yai hadi kuruka. Kusema kweli ukiona hutaweza kumwaga sahani, bora usilime.

Kuna wakati nilitaka kuacha ndoo nihamie magunia, baada ya kuona yanavyofanya kazi Kibera. Kule Nairobi, baada ya ghasia za uchaguzi za mwanzoni mwa 2008, chakula kikiwa hakikamatiki, shirika la Kifaransa la Solidarités lilisambaza miche na kufundisha watu kulima kwenye magunia. Namna ya kulijaza ndiyo iliyonivutia. Unachukua kopo lisilo na kitako, unalisimamisha katikati ya gunia, unalijaza mawe, unazungushia udongo, kisha unalivuta kopo juu na kulijaza tena, hivyo hivyo mpaka mdomoni. Ukimaliza una nguzo ya mawe katikati ya gunia, na maji ukiyamimina yanafika chini na pembeni. Sukuma wiki inapandwa juu na kwenye matundu ubavuni, pande zote. Kwa hiyo mawe yana kazi yake, yakisimama wima. Mimi niliyalaza. Lakini gunia kama hilo ni zito kuliko ndoo zangu zote, na chai mbili za baba mwenye nyumba zisingetosha. Mwenye uwanja, hata wa kitanda kimoja, alifikirie kabla ya ndoo.

Hesabu sasa, maana mtaniuliza. Msimu wa kwanza nilitumia shilingi 41,000: ndoo, udongo, samadi, mbegu, ile dawa isiyo na kazi. Nilivuna nyanya 11 zinazolika. Mke wangu akagawanya kwenye simu, akaweka moja mezani peke yake kwenye sahani, akawaambia watoto, "Hii ni nyanya ya shilingi elfu tatu na mia saba. Msiiguse, tunaitazama." Jina limebaki. Hadi leo zinaitwa nyanya za Ikulu.

Anayekuambia utaacha kwenda genge kwa ndoo nne anakuuzia ndoo. Kitunguu, kabichi, karoti, viazi, waachie Lushoto, tunaishi kwa hivyo. Mchicha unalipa kidogo, unakatwa ndani ya wiki nne, ila fungu la genge ni bei ndogo hata hivyo. Vinavyolipa ni vile unavyovitaka kidogo kidogo na vinavyooza kwenye friji: giligilani, mnanaa wa chai, mchaichai, pilipili. Nina mche mmoja wa pilipili mbuzi kwenye dumu la lita kumi, una mwaka na miezi minne, na tangu uanze kuzaa sijanunua pilipili. Vidukari wakiuvamia nawafuta kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, chini ya majani, asubuhi. Nyanya zina adui mkubwa zaidi, kantangaze, nondo mdogo aliyetoka Amerika Kusini akapita Hispania mwaka 2006 na kufika kwetu 2014. Ukiona baka jeupe kwenye jani, liinue ulitazame juani: utamwona kiwavi mdogo wa kijani ndani ya jani lenyewe, kama mtu nyuma ya pazia. Namminya hapohapo kwa kucha. Faida ya kuwa na nyanya mbili ni hiyo, jani kwa jani unamfikia. Mkulima wa ekari hawezi.

Na matembele. Hayo sikuyapanda mimi. Siku ya tatu ya ugeni wake mama alimtuma mke wangu fungu la matembele gengeni, wakakaa wanachambua. Majani yakaenda sufuriani. Vikonyo, ambavyo sisi siku zote tunatupa, mama akavipekua akachagua sita vinene, akavikata urefu wa kiganja, akaja navyo balkoni. Akavilaza mshazari kwenye ndoo ya ukutani, vifundo viwili ndani ya udongo, kimoja nje, akaubonyeza kwa dole gumba. Hakuuliza kama ndoo ina kitu. Vikalala chali siku nne, vimesinyaa, mimi nikasema vimekufa. Siku ya saba kila kifundo cha nje kilikuwa na jani dogo la zambarau lililokunjwa kama kiganja cha mtoto mchanga.

Supu ya samadi naendelea kuipa mimea, kila baada ya wiki mbili: samadi kwenye kiroba, kiroba kwenye dumu la maji, wiki moja kifuniko kikiwa kimelegezwa, kisha nachanganya na maji mengi mpaka iwe rangi ya chai isiyo na maziwa. Naimimina kwenye udongo, siyo kwenye majani. Harufu yake siisemi. Siku hizo mtoto wa ghorofa ya tatu hupiga kelele za ng'ombe ngazini.

Ninaandika hii mwishoni mwa Septemba. Miche minane ya nyanya ipo kwenye makopo ya maziwa dirishani upande wa jikoni, inasubiri jua livuke paa, na ninajua miwili tu itapata dumu. Matembele ya mama yamejaza ndoo, yamepita kwenye vyuma, yananing'inia nje, na ncha zake zimefika kwenye balkoni ya chini. Nilitaka kuyapunguza jana. Nilikuwa tayari nimeshika kisu nikasikia sauti kutoka chini:

"Wewe! Hayo ya huku usiyakate. Hayo ni yangu."